Mtoro wa Sinema Anaswa Mkata

Mniwie radhi kama kisa hiki nitakiharibu. Gari la sinema lilituletea Mkata filamu iliyochezwa na vijana wa hapa hapa nchini, ya mtoto mkorofi aliyetoroka kwao akamwacha mama yake akilia. Kesho yake kijana aliyeigiza mtoto yule akashuka kwenye basi la Dar es Salaam kununua muhogo. Balozi wetu wa nyumba kumi akamdaka mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama yako analia, wewe unatafuna?"

"Ule ni mchezo tu, mzee!"

"Machozi yale mchezo? Leo unarudishwa kwenu."

Basi likapiga honi. Balozi akasitasita, mkono ukaanza kulegea. Nami, mchekeshaji wa jukwaani, nikajitosa kumtetea kijana: "Mwamini, mzee! Sisi waigizaji kazi yetu ni kudanganya mpaka watu waamini."

Mkono ukakaza upya. Basi likaondoka, na kijana akaacha kumtazama balozi, akanitazama mimi.