Majibu Ishirini ya Usalama

Huku ughaibuni, baada ya wiki nzima ya kuogesha wazee katika makao yao Westmead, Jumamosi asubuhi nilikuwa nafundisha wahamiaji wenzangu Kiingereza katika ukumbi nyuma ya kanisa, Blacktown. Morogoro nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na sifichi: nilipenda kuitwa mwalimu tena.

Niliyempenda kuliko wote darasani alikuwa baba mmoja Mkongomani, mpole, mwenye watoto wanne. Shule aliishia darasa la pili, vita vikaingia. Siku moja akaja na karatasi ya kiwanda kimoja kule Seven Hills, aliyopewa akasome nyumbani: maswali ishirini ya usalama kazini, ya kuchagua A, B au C. Akifaulu, ana kazi. Mtihani Alhamisi.

Kumfundisha mtu kusoma kwa siku tano! Nikafanya tuliyokuwa tukifanya nyumbani mitihani ikikaribia: nikamkaririsha. La kwanza B, la pili A, la tatu C, hadi ishirini. Aliyaimba kama kwaya huku akigonga meza, tukacheka mpaka machozi. Sikumweleza swali hata moja.

Alhamisi jioni akanipigia nikiwa kwenye treni. "Mwalimu, nimefaulu yote! Banasema nianze Monday. Banipatia na mashine."

"Mashine gani?"

"Ya kukata mbao. Iko mukubwa!"

Nikampongeza, nikakata simu, nikatoa kwenye mkoba nakala yangu ya ile karatasi. Swali la saba: ufanye nini kabla ya kutoa ubao uliokwama kwenye msumeno? Yeye anajua jibu ni A. Hajui kwamba A inasema uzime umeme kwanza. Nikalisoma tena na tena mpaka nikapitiliza kituo changu.

Jumamosi nikamvuta kando. "Baba, Monday twende wote kwa bosi wako, tumwambie ukweli."

Uso ukamshuka. "Mwalimu, nakuomba. Watoto bane."

Mimi huyu, ninayegombana hata na madereva wa mabasi, nikakubali tusiende. Nikajidai nitamfundisha maneno ya mashine polepole. Tukaanza na la kusimamisha na la hatari, nikamweleza na habari ya umeme, naye akaitikia ndiyo, ndiyo, kama anavyoitikia kila kitu. Wiki iliyofuata alisinzia mezani kwa uchovu. Baada ya hapo hakuja tena. Jumamosi nazo alipewa kazi.

Wiki sita nilishtuka kila simu ilipoita kwa namba nisiyoijua. Kanisani nilimwona mke wake, lakini sikuthubutu kumuuliza. Nilikuwa mwoga, basi.

Halafu Jumamosi moja mlango ukafunguliwa, akaingia na fulana yake ya kazi ya rangi ya chungwa. Kabla ya kumsalimia nilimtazama mikono. Vidole vyote vipo. Nusura nimkumbatie.

Nyuma yake waliingia wanaume watatu, wageni kwangu, na fulana kama yake, mpya kabisa.

"Mwalimu, hawa ndugu zangu bamefika juzi tu," akasema, akicheka kwa furaha. "Kusoma bado. Lakini mtihani bamefaulu wote. Nilibafundisha mimi."