Sakafu Iliyokataa Kukauka

Chumba cha kujifungulia cha zahanati ya kanisa letu, huku Itilima upande wa Zagayu, zamani kilikuwa ukumbi wa mafundisho. Nilifundisha humo miaka mingi, na sakafu yake ya niru, saruji iliyosuguliwa ikawa laini, iling'aa hadi watoto wakajitazama. Kwa hiyo fundi kutoka Mwanza alipoingia na mashine akaanza kuisaga niru ile, nilisimama mlangoni nisielewe.

"Fundi, mbona unaharibu kilicho kizima?"

"Mzee, gundi haishiki kwenye kioo. Nikitandika mpira wa sakafu za hospitali juu ya niru, utavimba kama maandazi."

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, nikamwachia. Tulikuwa na haraka. Mvua zikishika, mto hukata barabara ya kwenda hospitali Bariadi, na jirani yangu, mama mzee tunayemwita mayu, alikuwa na mjukuu mwenye mimba ya kwanza, miezi ikikaribia kutimia. Mama wa binti huyo alifia upande huu wa mto, akiwa na uchungu, wakingoja maji yapungue. Ndiyo maana mayu alisimama kanisani akaweka nadhiri kuwa ataiosha sakafu ile kwa mikono yake kila siku, mpaka mjukuu wake ajifungulie humo. Mkutano wote ulisema amina, na yangu ilisikika kuliko zote.

Fundi alimaliza kusaga, akaziba nyufa, akabandika vipande vya nailoni sakafuni kwa solotepu, akasema atatazama kesho. Kesho yake nailoni ilikuwa na matone ya maji upande wa chini, kama kifuniko cha sufuria.

"Zege lina maji," alisema. "Hatutandiki."

Tukangoja, akabandika tena, matone yakarudi. Hapo nilichanganyikiwa. Jua lilikuwa limepasua udongo mweusi hadi mguu wa mbuzi unazama kwenye ufa. Maji hayo yanatoka wapi? Watu wakaanza kunong'ona kwamba chini pana kisima cha wazee wa zamani, na wenyewe hawakuombwa ruhusa. Niliomba, nikafunga. Sikuyakemea maneno yao, maana sikuwa na jibu lingine la kuwapa.

Siku moja fundi alisogeza mabenchi tuliyokuwa tumeyarundika kwenye kona, akabandika nailoni pale. Ilikaa usiku kucha ikawa kavu kabisa, na ile ya katikati ya chumba ikalowa.

"Mzee, yangetoka ardhini yangekuwa kila mahali," akasema. "Humu kuna mtu anaosha, na chini ya mabenchi hafiki."

Nadhiri niliijua, nailoni nilikuwa nikiziona, na bado sikuwahi kuviweka pamoja. Alfajiri nilimkuta mayu amepiga magoti na tambara.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Pita pembeni, usinichafulie."

"Mayu, sakafu hii inatakiwa ikauke."

"Inakauka. Jua likitoka tu, kavu."

"Juu ndiyo. Ndani imelowa. Fundi anapima kwa nailoni zile."

"Nimeziona. Nazizunguka, sijagusa hata moja. Mimi si mtoto."

Nikamweleza kwamba niru imeondolewa, sasa zege linakunywa kila tone. Akacheka.

"Tangu nimeolewa nasiriba nyumba kwa mavi ya ng'ombe na maji. Sakafu isiyopata maji inakufa. Leo mnasema maji ndiyo yanaiua?"

"Ya saruji ni tofauti."

"Na nadhiri je? Wewe ndiye uliyetufundisha, ukimwahidi Mungu, timiza. Sasa nikamwambie nini, kwamba fundi wa Mwanza amekataa?"

"Osha baraza basi."

"Sikumwahidi baraza."

Nimesoma Maandiko tangu ujana, lakini sikukumbuka mahali panaposema mtu afanye nini nadhiri yake inapofunga mlango uleule anaouombea ufunguke. Mwisho nikasema, "Acha, mayu. Kama ni kosa, nitaulizwa mimi."

"Utaulizwa kweli," akajibu, akainuka kwa kushika ukuta.

Sakafu ikakauka. Fundi akaisawazisha, akatandika mpira, akafunga mlango, asikanyage mtu mpaka gundi ishike. Mchana uleule mjukuu akashikwa na uchungu. Muuguzi alifungua dirisha tu, harufu ya gundi ikamchoma macho, akasema humu hapana. Tukampandisha binti kwenye gari la mnunuzi wa pamba. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, lakini mto ulikuwa haujajaa. Wakavuka. Akajifungua mtoto wa kike hospitalini Bariadi, wote wazima, na namshukuru Mungu hadi leo.

Baada ya siku chache mayu alikuja kwangu na kitukuu mikononi. Hakuketi.

"Baba, wewe uliyesoma, nieleze. Ningeendelea kuosha, angejifungulia wapi?"

"Pengine Bariadi vilevile."

"Na ningeacha mapema?"

"Pengine kwenye chumba chetu."

"Mtoto ni mzima."

"Ni mzima."

"Sasa Mungu amenijibu, au amenikwepa? Nadhiri yangu imekwisha, au bado nadaiwa?"

Wengi wamenijia na maswali ya imani, na siku zote nilikuwa na la kuwaambia.

"Sijui, mayu."

Alinitazama kama mtu aliyekuta duka limefungwa mchana.

"Basi mshike mtoto," akasema. "Nitaomba mimi. Wewe leo umechanganyikiwa."

Nikampokea.