Anayenipokelea Mbao

Leo nusura ninunue mashine isiyonifaa kwa sababu ya jibu langu mwenyewe.

Nilishuka Moshi mjini kutafuta randa ya umeme ya kunyooshea mbao, niiweke kwenye karakana yangu ya nyumbani. Zilikuwepo mbili, moja ya meza fupi na nyingine ndefu.

Muuzaji akaniuliza, "Fundi, ubao ukitokea upande wa pili, nani anakupokelea?"

"Mama Neema."

Lilinitoka tu.

(Mke wangu alikuwa akipokea mbao kwa kanga, huku akinigombeza kwamba vumbi linaingia kwenye maziwa.)

"Basi chukua fupi, usipoteze hela. Mama yupo!"

Akaanza kuifunga kamba. Nikawa naiangalia tu ile kamba inavyozunguka.

"Ngoja kwanza, kijana. Mama Neema tulishamzika."

Msibani walisema wengine. Mimi sikuwahi kulisema neno hilo kwa mdomo wangu.

Mikono yake ikasimama. "Pole sana, baba."

Akaifungua kamba taratibu. "Chukua ndefu. Hii inaubeba ubao yenyewe."

Nimeshaifikisha nyumbani. Sijaiwasha.

Nyinyi mnaoranda peke yenu, ubao mrefu mnaupitishaje?