Hatua Nne Kutoka Kaburi la Baba

Udongo wa ukingo uliomeguka una harufu yake, na mpaka leo nikiisikia hujikuta nahesabu hatua. Kwetu Igoma, kila mvua ilipokatika, nilikimbia nyuma ya nyumba kuhesabu hatua kutoka kaburi la baba hadi mtoni. Nilikuwa darasa la tatu. Msimu ule nilianza na hatua ishirini, zikawa kumi na tano, zikawa kumi. Mama hakutoka kuangalia. Aliuliza tu kutoka jikoni, "Ngapi, Kabula?" nami nikishajibu, nilisikia mwiko ukisimama kwenye sufuria.

Mto ulikuwa umeshameza choo cha jirani na nusu ya njia ya shule, kwa hiyo balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Masanja, alipopiga filimbi, watu walitoka wote. Tukajaza mchanga kwenye viroba na kuvipanga ukingoni. Tuliimba, tukacheka, tukajiona tumemaliza kazi. Ila mchanga wenyewe tuliuchota palepale chini ya ukingo, kwa kuwa ulikuwa karibu, na nani angejisumbua kwenda mbali? Mvua ikanyesha siku mbili, maji yakaingia kwenye mashimo yetu, viroba vikazama kimoja kimoja. Zilibaki hatua nne. Niliogopa, nikamdanganya mama kwamba ni saba. Aliniangalia, akaenda kuhesabu mwenyewe.

Kesho yake kwenye mkutano wa mtaa alisimama, yeye asiyependa kabisa kusema mbele za watu. "Jamani, mto tumeuchimbia njia wenyewe," alisema. "Na mimi mume wangu siwezi kumzika mara ya pili." Watu waliinamisha vichwa. Mzee Masanja akakohoa. "Haya, Mama Kabula, wewe unayeponda kokoto, tuambie tufanyeje." Mama akanyoosha mkono mlimani. Mwanza mawe si kitu cha kutafuta. Ikawekwa sheria: yeyote anayevuka kivuko chetu cha miti, awe anakwenda sokoni, kanisani au msikitini, aje na jiwe la kupanga ukingoni; asiye na jiwe, salamu yake isiitikiwe. Kijana mmoja fundi baiskeli alikuja na kokoto mfukoni. Alimwamkia Mzee Masanja shikamoo tatu, kimya, akarudi mlimani huku watoto tukimzomea. Nyuma ya mawe akina mama walipanda matete. Mvua zilizofuata nilihesabu nne, tena nne, tena nne, na siku moja nikamsikia mama akiimba jikoni.

Sasa naishi Nyegezi, mtaa wenye mtaro wa zege, na mtaro ukiziba tunapiga simu na kusubiri. Jambo hilo linanikera, na ninajikera mwenyewe, maana nami husubiri. Igoma hawasubiri. Kivuko siku hizi ni cha zege, lakini mawe bado yanaletwa, hata na watoto wasiojua kaburi lile ni la nani, na matete yamekuwa yakikamata tope mwaka hadi mwaka. Mvua za juzi zilipokatika nilikwenda Igoma, nikapita nyuma ya nyumba, nikahesabu. "Ngapi?" mama akauliza kutoka jikoni. Nikamwambia kumi na mbili. "Miguu imekua hiyo," alisema. "Hesabu zile zako za kitoto." Nikarudi kaburini, nikafupisha hatua, nikaanza upya. Ishirini zikaisha, na mto ulikuwa bado mbele yangu.