Namba Sita Asiyekimbia

Nilipofika uwanjani Ruiru jioni ile, wasichana wote walinyamaza. Walikuwa wamemzunguka kocha wao, vichwa vimeinamia simu yake, na kicheko nilichokisikia nikiwa getini kikazimwa ghafla. Mmoja akakohoa. Mwingine akasema, "Niaje, Guka," huku ameuma mdomo asije akacheka. Dadangu mdogo, ambaye ndiye aliyewafundisha kuniita hivyo, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Mimi hushuku watu, sikatai. Nikirudi nyumbani Kamenu, kule Thika, nikute vikombe viwili kwenye beseni, nauliza nani alikuja. Mke wangu siku hizi hata hajibu, ananionyesha tu mlango wa jirani kwa kidevu. Lakini siku ile sikuwa naota. Kulikuwa na kitu.

Guka ni babu, na sina mjukuu hata mmoja. Mimi ni kifungua mimba, nikapewa jina la babu. Dadangu alipozaliwa akapewa la nyanya. Kwa hivyo tangu utotoni yeye huniita Guka nami humwita Shosho, na watu wakitusikia sokoni hugeuka. Shosho huyu anacheza raga, ile ya watu kumi na tatu, na anavaa namba sita. Kwenye mchezo huo timu ikiwa na mpira inakubaliwa kuangushwa mara sita, ya sita mpira unakuwa wa wengine. Namba sita ndiye huamua, kabla nafasi hizo sita hazijaisha, nani apewe na apitie wapi.

Jezi hiyo niliivaa mimi, Thika, wakati mchezo ulikuwa mgeni kwetu na wapita njia walisimama kuuliza kama tunapigana. Hakuna aliyekuwa ametufundisha vizuri, na hiyo ilikuwa raha yake. Nilikuwa napasi mpira nyuma ya mgongo bila kuangalia. Naupiga teke fupi juu ya kichwa cha jamaa, namzunguka, naudaka mwenyewe, yeye bado anautafuta mbinguni. Na zikibaki nafasi za mwisho ndiyo tulikuwa tunaamka, kila mtu anataka kuonyesha madoido yake. Tulipoteza mpira ovyo, sitadanganya, lakini akina mama walikuwa wakiacha vibanda vyao waje watuone.

Siku hizi? Ngai! Anagonga mmoja, anaangushwa, anagonga mwingine, anaangushwa. Kisha wawili wanakimbia mbele wakijifanya wataupokea, mpira unapita nyuma yao. Nafasi zikiisha, teke la kuupeleka konani. Timu zote ni hivyo, ukizibadilishia jezi hutajua ni nani. Kocha wa Ruiru, mama mmoja kutoka magharibi anayefanya kazi kiwandani, alishawahi kunieleza kwa upole kwamba walinzi wa sasa wana pumzi, wanapanda kwa mstari mmoja, na uwazi wa kupigia chenga haupo tena mpaka uutengeneze.

"Madoido yapo, mzee," akasema. "Yamehama tu."

"Yamehamia wapi?"

Akacheka. Sipendi mtu akinijibu kwa kicheko.

Ningevumilia yote hayo kama si ile Jumamosi iliyokuwa inakuja. Wachaguzi wa timu ya taifa walikuwa waje kutazama Ruiru ikicheza na Thika. Msimu uliopita walikuja wakamchukua msichana mwingine, na kuhusu Shosho wakasema hawakumwona akifanya kitu. Hawakumwona! Mtoto ambaye akiamua anaacha watu wanne wamekaa chini! Alikuwa ameniambia, tukimenya viazi kwa mama yetu, kule Kalimoni, kwamba wakimruka tena anaacha raga kabisa. Hakulia. Aliendelea kumenya, na mimi ndiyo nilishikwa na hofu.

Sasa nikaanza kuunganisha mambo. Anayecheza kando ya Shosho ni mpwa wa kocha, na kila mtu anajua mpwa huyo anaitamani ile namba sita. Wachaguzi wanakuja, wasichana wananong'ona, mimi nikitokea wanafyata ulimi. Kwani mtu ahitaji kuambiwa? Nilimvuta Shosho pembeni.

"Mlikuwa mnasema nini?"

"Mambo ya mazoezi tu, Guka."

"Ya mazoezi ndiyo mnanificha?"

"Si wewe ni wa Thika," akasema, akijaribu kucheka.

"Sikiza. Huyo mama anataka kukuficha ndiyo mpwa wake aonekane. Jumamosi ukipata mpira karibu na mstari wao, usimpasie mtu. Kimbia. Nitakuwa pale kando nikikupigia kelele."

Aliniangalia kidogo. "Utapiga kweli?"

"Lini nimewahi kunyamaza?"

"Sawa basi. Piga sana."

Alikubali haraka mno. Shosho hajawahi kukubali neno langu bila vita, tangu akiwa mtoto. Nilienda nyumbani nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Jumamosi nilisimama karibu na kona. Wachaguzi, mwanamume na mwanamke, walikaa chini ya mwavuli upande wa pili. Wale wasichana wa Thika wananijua, nimewafokea tangu wakicheza kwetu Kamenu, na mmoja alinipungia mkono. Mpira ulipoanza kumfikia Shosho, nikafungua koo: "Kimbia!" Na haiya, akakimbia! Aliwapita wawili, wa tatu akamshika jezi. Baadaye nikapiga tena, akakimbia tena. Nilirukaruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Kisha nikamtazama kocha, nikitarajia awe amenuna. Alikuwa ametulia kabisa, na hilo likaniharibia furaha.

Karibu na mwisho Thika walikuwa wanaongoza. Ruiru wakafika karibu na mstari wao, wameshaangushwa mara nne, na mpira ukatoka kwenda kwa Shosho. Nikapiga kelele mpaka shingo ikauma. "Kimbia, Shosho! Kimbia!" Walinzi watatu wa Thika wakamgeukia yeye, mmoja akimnyooshea kidole. Shosho akapiga hatua moja, akainamisha bega, halafu bila hata kutazama akauachia mpira pale kiunoni. Mpwa wa kocha akaupitia, akaingia mahali ambapo walinzi walikuwa wametoka, akalala na mpira juu ya mstari, akafunga bila kuguswa na mtu.

Uwanja ulilipuka, timu nzima ikamrukia yule mpwa. Shosho alikuwa chini ya wale watatu, hakuna anayemwangalia. Nilijua! Nilivuka kamba hata mchezo haujaisha vizuri, nikamwendea kocha. "Wewe mama, umemtumia mtoto wetu ndiyo wa kwenu afunge! Mbele ya wachaguzi!"

Filimbi ya mwisho ililia, na mchaguzi mwanamke akawa ameshafika hapo. Akanipita kama nguzo.

"Yule namba sita," akamwuliza kocha, "amefanya aje wote watatu wakamwendea?"

Kocha akanielekezea kidevu. "Kwa huyu."

Wasichana wakaangua kicheko, na yule mpwa, akipumua, akanieleza. Mbinu ile walikuwa wameifanyia mazoezi mwezi mzima. Mmoja wao alikuwa akisimama pale konani akiiga sauti yangu, kocha anamrekodi kwa simu, wengine wanacheka mpaka wanakaa chini, na nikitokea wananyamaza. Zile mbio mbili za mwanzo Shosho alikimbia ili Thika waamini. Tangu wakiwa wadogo wanajua kelele zangu si za kuigiza.

Sikujua niangalie wapi. Mchaguzi alimwita Shosho kando, wakaongea, nikamwona akijifunika uso kwa mikono. Aliporudi kwangu, tope limemkauka shavuni. "Wamenichukua, Guka."

Nilimkumbatia, nikalia, na sikuona haya. Lakini iliniuma pia, na nikamwambia hivyo hivyo. "Timu nzima ilijua isipokuwa mimi. Mbona hukuniamini?"

"Nilitaka mtu mmoja uwanja mzima," akasema, "ambaye ana hakika kabisa nitakimbia. Ningempata wapi mwingine?"