Viatu vya Selipher Mlangoni

Selipher alikuwa amekaa Al-Suwaidi, Riyadh, miaka miwili bila kukanyaga kanisa, na hamu ilikuwa imemfika kooni. Madam Haifa aliposema familia inakwenda likizo Ufaransa, na kwamba Selipher atakwenda nao kumwangalia Talal, kitinda mimba wao, aliomba jambo moja tu moyoni: apige magoti kanisani, hata mara moja.

Elkanah, dereva wa nyumba ile na Mkenya mwenzake, alimcheka alipodokezewa. "Dada, unapelekwa kubeba mtoto, si kubeba Biblia."

"Wewe ngoja tu."

Huko Ufaransa, madam akawapeleka kuona jengo la mawe la kale mno, lenye mnara na msalaba juu yake. Selipher hakuuliza. Akavua viatu mlangoni, kama wafanyavyo waumini wa kanisa lao la Roho kule Vihiga. Talal naye akavua vyake, akidhani wamefika msikitini.

Mlinzi akaja mbio, akinyooshea viatu kidole. Madam alikuwa hoi kwa kicheko. "Vaa, Selipher. Lilikuwa kanisa zamani. Siku hizi ni makumbusho ya sanaa."

Ndani hamkuwa na benchi hata moja. Picha zilijaa ukutani, na pale penye madhabahu palisimama pikipiki kuukuu iliyopakwa rangi ya dhahabu. Selipher akaduwaa. Kuja kote huku, kumbe ni boda boda!

Hata hivyo akamsogelea mwajiri wake. "Madam, naomba nisali kidogo."

Madam akaitazama pikipiki, kisha akamtazama yeye. Jana yake madam mwenyewe aliswali adhuhuri kwenye nyasi za bustani, Selipher akiwa amesimama kumshikia mkoba na kuwaelekeza wapita njia pembeni. Akanyoosha mkono. "Lete mkoba wako. Yalla!"

Viatu vikavuliwa tena. Selipher akapiga magoti, akaomba kwa Kimaragoli, kwa sauti, kama yuko kwao. Mlinzi alipokuja, madam alimzibia njia, mikoba miwili begani.

Selipher alipofumbua macho, watalii walikuwa wamemzunguka wakimpiga picha. Aliposema "Amina," wakapiga makofi. Talal, aliyekuwa amepiga magoti kando yake, akawapungia mkono kama bwana harusi.

Waliporudi Riyadh, Elkanah aliisikiliza habari yote akicheka mpaka akaegemea gari. "Kwa hivyo ulivuka bahari kwenda kusujudia boda boda?"

"Nilimsujudia Mungu," akajibu Selipher. "Boda boda ilikuwa imeegeshwa tu."