Firigisi ya Kalunguta

Jioni, baada ya kazi ya shule, nawafundisha Kiingereza wafanyabiashara wa Butembo, huku Kongo, wanaokwenda Kampala kununua mali. Ni watu wa kunikaba kwa maswali. Wiki ile walishikilia visitor na guest. Kwa Kiswahili wote ni wageni, basi Mwingereza anajisumbua nini?

Nikaifunga kamusi. "Visitor," nikasema, "ni yule anayepita kusalimia, anapewa chai, anaenda zake. Guest umemwalika mwenyewe, umemchinjia kuku, na firigisi umemwekea yeye." Wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa.

"Na weye, prof?" akauliza mama mmoja muuza vitenge. "Kule kwa bakwe zako utakuwa nani, visitor ao guest?"

Darasa zima lilijua. Mimi si wa huku, serikali ilinileta kutoka Maniema, na nimempenda binti wa kijiji cha Kalunguta. Baba yake hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Sasa alikuwa ameniita kwake Jumamosi, na usingizi ulikuwa umenipaa.

Nilifika kwa pikipiki, shati jeupe, viatu vinang'aa. Mzee akanionyesha kuku akiwa hai, kama ilivyo desturi, nikajiambia mambo yameiva. Chakula kikaja. Firigisi ikaenda kwenye sahani ya mkatekista, jirani aliyealikwa pia. Mimi nikapata shingo. Niliona aibu, na hasira pia: milima yote ile, vumbi lote lile, kumbe nimekuja kuwa visitor!

Tukanawa mikono. Mzee akaingia ndani, akatoka na majembe mawili, moja akanipa mimi.

"Twende tuchimbe biazi."

Mkatekista naye akainuka. Mzee akamrudisha kitini.

"Hapana, weye ikala. Mugeni banamutumaka kazi? Huyu ni mutoto wa nyumba."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wasema wahenga. Mimi sikumaliza hata mchana mmoja. Nililima na viatu vyangu vile vile mpaka jua likapoa, mama wa binti akinicheka kwa jinsi nilivyokata viazi vyake katikati. Sijawahi kuchekwa nikafurahi hivyo.

Jumatatu, hata chaki sijashika, wakaanza: "Prof, visitor ao guest?"

Nikawaonyesha viganja vyangu, malengelenge matupu. Mama wa vitenge akavitazama, akapiga kigelegele kabla sijafungua mdomo.